Je, Mapendo Yatosha Bila Amri?



Jumapili moja baada ya Misa tulikaa na vijana wa jumuiya yetu uani mwa kanisa, hapa Goma, juu ya mawe meusi ya volkeno tunayoyajua sote. Tulikuwa tukizungumza juu ya amri ya saba ya Mungu. Kijana mmoja, ambaye kazi yake ni kuandika mizigo mpakani, akauliza swali lililotunyamazisha. Akasema: "Mshahara wangu haujalipwa miezi mingi. Mama yangu ni mgonjwa. Mfanyabiashara akinipa matabishi nisiangalie gunia lake, nami nikanunua dawa, nimekosa nini? Mungu ni mapendo. Mimi nimetenda kwa mapendo." Mwenzake, aliyesoma katika chuo kikuu, akamsaidia. Akatuambia kwamba yuko mwalimu mmoja wa Marekani aliyeandika kitabu kizima kuonyesha ya kuwa Mkristu hafungwi na amri nyingine yoyote ila mapendo.

Hatukumjibu vema siku ile. Tulimwambia tu kwamba rushwa ni dhambi, naye akaenda zake na swali lake. Jibu letu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa fupi mno kwa mtu mwenye mama mgonjwa. Tangu siku hiyo tumekitafuta kitabu kile tukakisoma, na leo twataka kulipa deni letu. Tutasema kwanza kitabu chafundisha nini, tena lipi ndani yake ni jema, kisha kwa nini hatuwezi kukifuata.

Kitabu na mwandishi wake

Mwandishi ni Joseph Fletcher, padre wa Kanisa la Waepiskopali la Marekani na mwalimu wa maadili. Alizaliwa mwaka 1905, akafa mwaka 1991. Kitabu chake, Situation Ethics, kilitoka mwaka 1966, kikasomwa na watu wengi na kubishaniwa sana. Baadaye Fletcher aliiacha imani ya Kikristu. Lakini si haki kumshinda mtu kwa kumsimulia maisha yake. Yatupasa kuyapima maneno yake yenyewe.

Fletcher asema kwamba ziko njia tatu za kuamua lililo jema. Ya kwanza ni ya mtu wa sheria tupu: huyo afungua kitabu cha amri, atafuta mstari, na mstari ukisema hapana, basi ni hapana, hata kama mtu anakufa mlangoni. Ya pili ni ya mtu asiye na sheria yoyote: huyo afanya linalomjia moyoni saa ile. Ya tatu ni njia yake mwenyewe, nasi tutaiita maadili ya hali. Mtu wa njia hiyo azichukua amri za wazee wake, aziheshimu kama taa ya kumwangazia, lakini yu tayari kuziweka kando mara moja, kama katika hali ile mapendo yadai hivyo. Kwa Fletcher hakuna kitendo kilicho kibaya katika asili yake. Uongo, wizi, uzinzi, hata kuua, vyote vyaweza kuwa vyema vikitendwa kwa mapendo. Kitu kimoja tu ni chema siku zote, nacho ni mapendo.

Mwanzoni mwa kitabu amsimulia dereva mmoja wa teksi wa mji wa Saint Louis. Dereva huyo alitoka katika ukoo wa watu waliopigia kura chama kimoja tangu babu zao. Abiria akadhani kwamba naye atafanya hivyo. Dereva akajibu kuwa ziko nyakati ambapo mtu hana budi kusukuma kanuni zake kando ili atende lililo sawa. Fletcher apenda sana jibu hilo, hata amfanya dereva yule kuwa shujaa wa kitabu chake.

Twakiri kwamba kitabu kimeandikwa kwa ufundi. Msomaji ajiona huru na mwenye akili, naye aona haya kusimama upande wa sheria. Ndiyo sababu tunakiogopa kidogo.

Yaliyo mema ndani yake

Hata hivyo, tusiseme kwamba kila kitu ndani yake ni kiovu. Fletcher awachukia watu wanaoziweka amri juu ya binadamu. Bwana wetu Yezu Kristu naye hakupendezwa nao. Aliponya siku ya Sabato mbele ya macho yao, akawafundisha kwamba Torati na Manabii vyote vyategemea mapendo ya Mungu na ya jirani. Mtakatifu Augustino, alipohubiri juu ya Waraka wa kwanza wa Yohane, alifundisha kwamba yule apendaye kweli aweza kutenda atakavyo. Tena Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliwaonya wachungaji wasizitumie amri kama mawe ya kuwatupia watu. Sisi wa Goma, tunaoishi juu ya mawe, twalifahamu onyo hilo upesi.

Wala Kanisa halikuhitaji kungoja mwaka 1966 ili lijue kwamba hali za watu ni mbalimbali. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, zaidi ya miaka mia saba iliyopita, alifundisha kwamba kitendo hupimwa kwa mambo matatu: kitu chenyewe kinachotendwa, nia ya mtendaji, na hali zinazokizunguka. Alifundisha pia kwamba mtu aliye katika shida ya kufa, akichukua chakula cha mwingine ili aokoe maisha, hakuiba; kwa maana Mungu aliumba mali ya dunia kwa ajili ya watu wote. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulilikariri fundisho hilo mwaka 1965.

Tukumbuke tarehe 17 Januari 2002, siku Nyiragongo ulipopasuka na moto wa mawe ukapita katikati ya mji wetu. Watu wengi walikimbilia Gisenyi bila kitu mkononi. Kama mama mmoja katika safari ile aliingia katika nyumba iliyoachwa wazi akachukua maji kwa ajili ya mtoto wake, hatusemi kwamba amri ya saba ilisimama kwa siku moja, kisha ikarudi. Twasema kwamba mama yule hakuiba. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ni kubwa sana. Fletcher angesema: "Aliiba, na wizi wake ulikuwa mwema." Kanisa lasema: "Kitendo kile si wizi." Kwa Fletcher amri yavunjwa kwa ajili ya mapendo. Kwetu sisi amri yafahamika vizuri zaidi kwa mapendo.

Mtu wa Goma kwenye mizani

Sasa tuyaweke mafundisho haya kwenye mizani, na mizani yetu iwe mtu mmoja wa mji huu.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria, akaingia katika jumuiya ya Sant'Egidio, na huko akawasaidia watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo, wapate chakula na shule. Alipopata kazi katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, aliwekwa kuangalia mizigo iliyoharibika. Mwaka 2007 ulifika mzigo wa mchele mbovu. Wenye mzigo walimpa fedha aupitishe. Akakataa. Wakaongeza fedha. Akakataa tena. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa, na tarehe 9 mwili wake ulipatikana, una alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26, naye alikuwa na mchumba. Tarehe 2 Februari 2023, Baba Mtakatifu Fransisko aliwasimulia vijana habari zake katika uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa. Na tarehe 15 Juni 2025, katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo nje ya kuta, huko Roma, alitangazwa kuwa Mwenye heri, mfiadini.

Tujaribu sasa kumpima Floribert kwa kipimo cha Fletcher. Fletcher afundisha kwamba mapendo lazima yapige hesabu: kutafuta mema mengi iwezekanavyo kwa watu wengi iwezekanavyo. Haya, tuhesabu. Upande mmoja wa mizani tuweke magunia ya mchele. Upande wa pili tuweke uhai wa kijana, machozi ya mama yake, ndoa iliyokuwa ikingojwa, na wale maibobo waliomtegemea. Fedha zile zingaliweza kuwalisha watoto hao siku nyingi. Tena, pengine mzigo uliokataliwa leo mkononi mwa mmoja ungaliweza kupita kesho mkononi mwa mwingine. Mhesabu yeyote mwenye akili angemwambia Floribert: "Ndugu, sukuma kanuni zako kando. Upokee, ulishe maskini, uoe, uishi, ufanye mema miaka arobaini."

Hesabu hiyo yaonekana kuwa ya mapendo. Lakini je, ni nani kati yetu awezaye kusimama mbele ya watoto wa Goma na kusema kwamba Floribert alikosa?

Jirani asiyeonekana

Tutafute basi kosa la hesabu ile liko wapi. Mtu amesimama mpakani. Mbele yake yuko mfanyabiashara, amwona. Nyumbani yuko mama mgonjwa, amwona moyoni. Lakini yule mtoto wa mtaa wa mbali, atakayekula mchele ule wiki ijayo na kuumwa tumbo usiku, haonekani. Hana jina. Hawezi kufika mpakani na kusema: "Baba, nami nihesabu." Mapendo ya binadamu yana macho mafupi: yaona vizuri walio karibu, na walio mbali yawaona kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa Kivu. Kama mchele ule ungepita, ungeuzwa kwa bei ndogo. Na mwenye kutafuta bei ndogo ni nani, kama si maskini? Huenda ungefika katika sahani za maibobo wale wale ambao fedha za rushwa zilisemekana zingewalisha.

Ndiyo kazi ya amri. Amri yasimama mpakani mahali pa yule asiyeonekana. Inaposema usiue, usiibe, usishuhudie uongo, yamtetea mtu ambaye mimi, katika haraka yangu, katika njaa yangu na hofu yangu, nisingemkumbuka. Hata karatasi ya ofisi inayosema kwamba chakula kilichooza kisipite, hiyo nayo ni mapendo yaliyoandikwa mapema, na watu waliokuwa na nafasi ya kufikiri, kwa ajili ya mtu asiye na nafasi.

Fletcher angetujibu: "Mmenionea. Mimi pia nasema kwamba haki ni mapendo yaliyogawanywa kwa watu wote. Mtu wenu wa mpakani amehesabu vibaya. Ahesabu tena, awaweke na walio mbali." Jibu hilo ni la heshima, nasi hatutaki kulificha. Lakini latoka kwa mtu aliyekaa penye utulivu, katika chumba chenye vitabu. Dereva wake wa teksi alikuwa akiamua juu ya kura, na hakuna aliyemwonyesha kisu. Huku kwetu mtu huamua usiku, na simu yalia, na sauti asiyoijua yamwambia kwamba nyumba yake yajulikana. Je, ni saa hiyo ndipo aanze kuhesabu faida ya watu wote? Hofu itamhesabia. Fedha itamhesabia. Nazo zote mbili zajua kujivika nguo za mapendo, kwa maana kila anayepokea rushwa ana mtoto wa kusomesha au mama wa kutibu. Hatujamwona bado mtu asemaye: "Nimepokea kwa sababu ya tamaa."

Hesabu kubwa zaidi

Yupo atakayesema kwamba hayo ni mambo madogo ya mpakani. Basi tutazame jambo kubwa, tena Fletcher mwenyewe alitaja. Karibu na mwisho wa kitabu awatolea wasomaji mifano minne ili wajaribu kuipima kwa njia yake. Mmoja wao ni bomu la atomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Wakubwa waliokaa na kushauriana juu ya bomu lile walikuwa na hesabu zao: askari wangapi wataokoka vita ikiisha upesi.

Sisi watu wa Kongo tuna neno la kusema hapo, kwa kuwa sehemu kubwa ya uranium ya kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga. Waliochimba hawakuulizwa. Watoto wa Hiroshima waliokuwa wakienda shule asubuhi ile hawakuulizwa. Katika meza ya mahesabu walikosekana wote wawili: yule aliyetoa jiwe na yule aliyeangukiwa. Mtaguso wa Vatikano, mwezi Desemba 1965, miezi michache kabla ya kitabu cha Fletcher kutoka, ulitangaza kwamba kuangamiza mji mzima na wakaaji wake bila kuchagua ni kosa juu ya Mungu na juu ya binadamu. Haukusema: "Tuhesabu kwanza." Ulijua kwamba watu wakisha ruhusiwa kuhesabu jambo kama hilo, wenye nguvu ndio watakaoshika kalamu, na wanyonge ndio watakaokuwa tarakimu.

Wasomaji wetu wa Kivu wanajua maana ya kuwa tarakimu. Katika vita vyetu vyote, hadi siku zile za mwisho wa Januari 2025 mji wetu ulipoangukia mikononi mwa M23, tumesikia kila mwenye bunduki akisema kwamba apigana kwa kuwapenda watu wake. Kila mmoja alikuwa na hali yake na sababu yake. Kama hakuna kitendo kilicho kibaya katika asili yake, tutamwambia nini? Tutaweza tu kumwambia: "Umehesabu vibaya." Naye atacheka. Lakini tukiwa na amri twaweza kumwambia, hata kama sauti yatetemeka: "Kumwua asiye na kosa ni dhambi, uwe na sababu gani, uwe na bendera gani."

Sista Anuarite

Katika mifano ile minne uko na wa mama mmoja Mjerumani, mfungwa katika kambi ya Warusi, aliyeomba askari ampe mimba ili afunguliwe na kurudi kwa mume na watoto wake. Fletcher auita uzinzi wa sadaka. Sisi hatutaki kumhukumu mama yule. Mungu anajua mateso yake. Lakini twauliza kama ni lazima tulifanye tendo lile kuwa kanuni.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta alikataa kuwa mke wa kanali mmoja wa waasi wa Simba. Aliuawa, na kabla ya kufa alimsamehe aliyempiga. Yoane Paulo wa pili alimtangaza kuwa Mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Hali yake ilikuwa ya kutisha kama ya kambi ile, naye alisikia vitisho ambavyo vingeweza kumfanya mtu yeyote kuhesabu upya.

Hapa twataka kusema neno moja wazi, kwa maana katika jimbo letu wako akina mama wengi waliotendwa ukatili. Mwanamke aliyelazimishwa kwa nguvu au kwa kitisho cha kifo hana dhambi hata kidogo. Usafi wake mbele ya Mungu haukupungua. Asiwepo mtu wa kutumia mfano wa Anuarite ili kumwaibisha. Ufiadini ni neema, wala si rungu la kuwapigia walionusurika. Mfano wa Anuarite watufundisha jambo jingine: kwamba yako mambo ndani ya binadamu ambayo hayauzwi, hata bei ikipanda.

Papa Pius wa kumi na mbili aliliona hilo mapema. Tarehe 18 Aprili 1952, alipozungumza na wasichana Wakatolika waliotoka nchi mbalimbali, aliyakataa maadili ya hali, yaliyokuwa yakienea Ulaya. Akawataja Perpetua na Felicitas, na Maria Goretti, akauliza kama wafiadini hao walidanganyika kwa kufa pale ambapo wangaliweza kujipatia njia ya kuokoka. Tarehe 2 Februari 1956 Ofisi Takatifu ya Roma ikakataza fundisho lile lisifundishwe katika seminari na vyuo vikuu vya Kikatolika. Na mwaka 1993 Yoane Paulo wa pili, katika barua yake Veritatis Splendor, alieleza tena kwamba viko vitendo vilivyo vibaya siku zote, nia iwayo yote.

Jibu letu kwa kijana

Sasa turudi kwa kijana wetu, maana kwa ajili yake tumeandika.

Ndugu mpenzi, kwanza twakuomba radhi. Swali lako lilikuwa na uchungu wa kweli, nasi tulikupa jibu la mtu aliyeshiba. Yule asiyekulipa mshahara miezi mingi ametenda dhambi inayomlilia Mungu, kama Mtume Yakobo alivyowaambia matajiri wa wakati wake. Dhambi ya gunia lile, kama ukiipokea, haitakuwa yako peke yako. Sisi pia wa jumuiya tuna sehemu: tulijua kwamba mama yako ni mgonjwa, tukangoja mpaka wewe uulize swali la amri ya saba. Mapendo bila amri hupotea njia. Lakini amri bila jumuiya inayobeba mizigo pamoja ni mzigo mzito kwa mtu mmoja.

Pili, tofautisha mambo. Mama muuza mboga apitaye kila asubuhi Petite Barrière, akinyang'anywa pesa kidogo ili aruhusiwe kwenda sokoni na bidhaa njema kabisa, yeye ameonewa. Anayemtoza ndiye mwenye kosa; mama hakuuza haki ya mtu. Wewe hali yako ni nyingine. Wewe umewekwa uwe jicho la watu wasioona ndani ya gunia. Ukilifumba jicho hilo kwa bei, umeuza kitu kisicho chako. Ni chakula cha wengine, ni afya ya watoto wa wengine.

Tatu, usingoje siku ya jaribu ndipo ufikiri. Siku ile macho yatakuwa na giza. Jizoeze leo katika mambo madogo. Na utakapojaribiwa, jiulize maswali haya: Kitu hiki ninachotakiwa kutenda, kwa jina lake halisi, kinaitwaje? Ni nani atakayelipa, naye hayupo hapa? Tena, je, ningeweza kumweleza yeye mwenyewe, uso kwa uso, kwamba nilitenda hivi kwa mapendo? Kama huwezi kumweleza yule atakayekula mchele, basi neno mapendo ulilolitumia ni jina tu.

Hatukuambii kwamba njia hii ina faida ya haraka. Floribert hakupata faida hapa duniani. Wala hatusemi kwamba kila mmoja wetu angefanya kama yeye. Sisi tunaoandika haya hatujui tungefanya nini usiku ule. Lakini twajua tungependa nani asimame mpakani siku chakula cha watoto wetu kinapopita. Tungependa mtu aliyekwisha kuamua kabla ya sisi kufika. Wala tusingefurahi kumwona mwenye kupiga hesabu, hata akiwa mwema.

Nne, na ya mwisho: njoo Jumapili. Tumekwisha kuongea na akina mama wa jumuiya juu ya dawa za mama yako. Kikapu chetu ni kidogo, lakini kitaanza na wewe. Lete na mwenzako aliyesoma kitabu kile, tubishane naye tena, kwa maana amani ya vijana wanaofikiri ni bora kuliko ukimya wa wanaoogopa.

Mwenye heri Floribert Bwana Chui, uliyewapenda maibobo na kumkumbuka mlaji usiyemjua, utuombee. Mwenye heri Anuarite, utuombee.